Mtu wa Sime na Mcheza Ng'ombe

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Chokocho, Pemba



Kamati ilipoamua kuwa mkutano wa safari hii uwe na hotuba moja ya elimu, iliwaachia vijana wa chama cha mdahalo wachague mada. Walichoniletea ni karatasi ndogo yenye suala moja: Gladiata ni nani, alitoka wapi, na je, mchezo wetu wa ng'ombe ni ndugu yake? Nimeambiwa kuwa suala hili limeshawagawa wanafunzi pande mbili. Upande mmoja unasema mchezo wa ng'ombe ni ushenzi wa kale, ufutwe. Upande wa pili unasema ni urithi wetu, na anayeugusa ametugusa sisi. Nitajitahidi kujibu, na mwishoni nitasema mimi nimesimama upande gani, kwa sababu si haki mzee kuwaacha vijana wagombane kisha yeye akapita katikati kimya kimya.

Najua jina hili la gladiata mmelipata kwenye filamu, ile ya mwaka 2000 na ile ya pili ya mwaka 2024. Filamu ni kitu kizuri cha kupitishia wakati, lakini si mwalimu wa historia. Basi tuanze na jina lenyewe.

Jina na maana yake

Neno hili ni la Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Linatokana na gladius, yaani upanga mfupi wenye makali pande mbili. Sisi tunao upanga wa namna hiyo, nao tunauita sime. Kwa hiyo gladiata, kwa Kiswahili cha sawasawa, ni mtu wa sime.

Uwanja aliopigania uliitwa harena, na maana yake ni mchanga tu. Ulimwagwa mchanga ili unyonye damu na miguu isiteleze. Neno hilo hilo ndilo ambalo leo mataifa ya Ulaya wanaitia viwanja vyao vya michezo. Chuo alichofundishiwa kiliitwa ludus, na hapa nawaomba wanafunzi wasikilize vizuri, kwani neno hilo lina maana mbili: mchezo, na pia skuli. Mtoto wa Kirumi aliyekwenda kujifunza kusoma alikwenda ludus, na mtumwa aliyepelekwa kujifunza kuua au kuuawa naye alikwenda ludus. Jina moja, na mwisho wa safari ulikuwa mbali kabisa.

Si wote waliotumia sime. Walikuwako wa aina nyingi, na kila mmoja na silaha zake. Kuna aliyeitwa Mthraki, mwenye ngao ndogo na upanga uliopinda mfano wa mundu. Kuna aliyeitwa murmilo, mwenye ngao kubwa na kofia ya chuma, na jina lake linasemekana limetokana na samaki. Na kuna ambaye nyinyi watoto wa wavuvi mtamtambua mara moja: huyu alikuwa hana kofia wala ngao, bali ana nyavu ya kutupa, kama kimia, na mkuki wa meno matatu. Kazi yake ilikuwa kumnasa mwenzake kama samaki na kisha kumchoma. Watu waliwapanga makusudi wawili wasiofanana, mwepesi na mzito, ili kila mmoja awe na nguvu yake na udhaifu wake. Kwa hiyo lile halikuwa vurugu la watu kukatana ovyo. Ilikuwa kazi yenye kanuni, na waamuzi walisimama uwanjani na fimbo zao. Ubaya wake haukuwa katika kukosa utaratibu. Ulikuwa na utaratibu mzuri sana, na hilo ndilo la kutisha.

Chanzo: deni la maiti

Sasa, mambo haya yalianzia wapi? Habari ya kwanza iliyoandikwa kuhusu mji wa Roma ni ya mwaka 264 K.K. Mwaka huo alifariki mkubwa mmoja, Decimus Junius Brutus Pera. Wanawe waliwapiganisha watu jozi tatu katika mazishi yake ili kumtukuza baba yao. Na mahali walipopigana paliitwa Forum Boarium, yaani soko la ng'ombe. Sitaki mchukulie kuwa hii ni dalili ya udugu na mchezo wetu. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kupendeza kwa mkutano kama huu.

Pigano lile waliliita munus. Maana yake ni wajibu, deni, au kitu unachopaswa kumtolea mtu. Aliye hai ana deni kwa aliyekufa. Sisi pia tunalo deni hilo, nasi hulilipa kwa dua na khitma na sadaka. Wao waliona kwamba maiti mkubwa hulipwa kwa damu ya watu. Neno lile lile la wajibu ndilo baadaye lililokuja kuwa na maana ya tamasha, na kuna mafunzo makubwa katika safari hiyo ya neno moja: kitu kilichoanza kama ibada ya huzuni kilimalizikia kuwa starehe.

Je, Warumi walibuni wenyewe? Hapana, nao wenyewe walikubali kuwa waliazima. Ila hawakukubaliana waliazima kwa nani. Nicolaus wa Damascus, aliyeandika zama za Augustus, alisema ni kwa Waetruski, watu wa kaskazini ya Roma. Livius, mwanahistoria wa zama hizo hizo, anasimulia kuwa watu wa Campania, kusini ya Roma, baada ya kuwashinda adui zao Wasamni katika karne ya 4 K.K., waliwavika wapiganaji wa karamu zao silaha za Wasamni waliowateka, na wakawapa jina hilo kwa dharau. Kisha yakapatikana makaburi huko Paestum, nayo pia yako kusini, yenye michoro ya karne hiyo hiyo ya 4 K.K. ikionesha watu wawili wawili wakipigana katika mazishi. Kwa sababu ya michoro hiyo, wataalamu wengi wa leo huelemea upande wa kusini.

Nimelieleza hili kwa makusudi. Tazameni namna mtu anavyotafuta chanzo cha jambo. Hatosheki na kauli ya mmoja, hata kama ni kauli ya kale. Anauliza: nani kasema, kasema lini, na je, ardhi nayo inasemaje? Tutalihitaji jambo hili tukirudi Pemba.

Kutoka makaburini hadi kwenye kura

Wakubwa wa Roma hawakuchelewa kugundua kuwa anayewapa watu tamasha hupendwa na watu. Mwaka 65 K.K. Julius Caesar alitoa pigano la jozi 320, na wapiganaji wakavikwa silaha za fedha. Alisema anamkumbuka baba yake. Baba yake alikuwa amekwishafariki miaka 20! Maiti hakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa mwanawe, aliyekuwa akipanda ngazi ya madaraka. Mwaka 63 K.K. ilipitishwa sheria ya kumzuia mtu kutoa tamasha la namna hiyo katika miaka miwili kabla ya kugombea cheo. Sisi Watanzania hatuna haja ya kuelezwa maana ya sheria hiyo. Tumeijua takrima, na Mahkama Kuu ya Tanzania ikaifuta mwaka 2006.

Walipokuja wafalme wakuu, tamasha likawa mali yao. Augustus ameandika mwenyewe kuwa katika mara nane alizotoa mapigano, walipigana watu kama 10,000. Mwaka 80 B.K. Titus alifungua kiwanja kikubwa cha Roma, kile Colosseum ambacho magofu yake yamesimama hadi leo, na sherehe zikaendelea siku 100. Wataalamu wanakadiria kuwa kiliweza kuchukua watu 50,000. Trajan, baada ya kushinda vita vyake vya Dacia, alifanya sherehe za siku 123 na kuleta wapiganaji 10,000.

Na bara letu la Afrika lilikuwamo ndani. Chui waliouawa asubuhi kabla ya mapigano ya watu walitoka Afrika ya Kaskazini kwa wingi hata Warumi wakawaita kwa jina la Afrika. Huko El Djem, nchini Tunisia, pamesimama mpaka leo kiwanja kikubwa cha karne ya 3. Na huko Zliten, Libya, ilipatikana sakafu ya vijiwe vya rangi inayoonesha magladiata wakipigana, na pembeni yao wapiga tarumbeta na pembe, na mwanamke anayepiga kinanda cha maji. Yaani hata kule, pigano lilikuwa na ngoma yake.

Mtu mwenyewe alikuwa nani?

Wengi wao walikuwa mateka wa vita, watumwa, au wahalifu waliohukumiwa. Aliyeingia chuoni alikula kiapo: anakubali kuchomwa moto, kufungwa, kupigwa na kuuawa kwa chuma. Baada ya hapo, mbele ya sheria, alihesabiwa miongoni mwa watu duni, hata kama mji mzima unaimba jina lake na kuchora sura yake kutani. Hilo ndilo fumbo la gladiata: watu walimshangilia kiwanjani, na nje ya kiwanja wakamtenga.

Mwanasheria mmoja wa Kirumi, Gaius, wa karne ya 2 B.K., ametuachia mfano ambao kwangu unaeleza habari nzima kuliko filamu zote. Anauliza: nikikupa magladiata wangu kwa mapatano ya kwamba kila atakayetoka salama utanilipa dinari 20, na kila atakayeuawa au kulemaa utanilipa dinari 1,000, je, hiyo ni kodi au ni mauzo? Akajibu: aliyetoka salama alikuwa amekodishwa, na aliyekufa alikuwa ameuzwa. Ndugu zangu, ni kama mtu aliyekodi ngalawa: ukiirudisha nzima unalipa kodi, ukiivunja umeinunua. Lakini hapa ngalawa ni binaadamu. Gaius hakuandika kwa ukatili. Aliandika kwa utulivu, kama mwalimu wa hesabu.

Sisi wa kisiwa hiki tusisome maneno hayo kama hadithi ya watu wa mbali. Mikarafuu ya Pemba ilistawi katika karne ya 19 kwa kazi ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba haikutoka mpaka mwaka 1897. Hiyo si zamani. Hapa petu pia mtu aliwahi kuandikwa daftarini pamoja na mashamba na majahazi. Anayeelewa hayo ndiye anayemwelewa gladiata.

Sasa niondoe makosa matatu yaliyozoeleka.

La kwanza, kwamba kila pigano lilimalizika kwa kifo. Si kweli. Kumfundisha na kumlisha mtu wa sime kulikuwa na gharama, na mwenye mali hapendi mali yake iharibike. Kaburi la mmoja wao aliyeitwa Flamma, mzaliwa wa Syria, limepatikana Sicily. Limeandikwa kuwa alifariki na umri wa miaka 30, alipigana mara 34, alishinda 21, walitoka sare mara 9, na mara 4 alishindwa akasamehewa.

La pili, kwamba walikula nyama usiku na mchana. Warumi wenyewe waliwapa jina la utani la walaji shayiri. Mwaka 1993 yaligunduliwa makaburi yao huko Ephesus, Uturuki, na mifupa ilipochunguzwa ilionekana kuwa chakula chao kikubwa kilikuwa nafaka na kunde. Mifupa hiyo pia ina majeraha yaliyopona vizuri, maana yake walitibiwa na matabibu hodari. Mali hutunzwa.

La tatu, kwamba waliingia wakimsalimia mfalme kama watu wanaokwenda kufa. Maamkizi hayo yametajwa katika habari ya tukio moja tu, zama za Claudius, na waliosema walikuwa wafungwa waliopelekwa kupigana kwa majahazi ziwani. Na kile kidole gumba kilichogeuzwa chini tumekizoea kwa sababu ya picha iliyochorwa na Mfaransa Jean-Léon Gérôme mwaka 1872. Warumi walitumia kidole gumba kutoa hukumu, lakini maandishi yao hayaelezi kwa uwazi kilielekezwa wapi.

Wako pia walioingia kwa hiari. Hawa walikuwa watu huru, wengi wao wamezama katika madeni, wakauza miili yao kwa muda. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Na wako waliokataa. Mwaka 73 K.K. watu kama 70 walitoroka chuo cha Capua wakiwa na visu na mishikaki ya jikoni. Kiongozi wao alikuwa Spartacus. Watumwa wa mashambani wakamiminika kwake hata jeshi lake likafika makumi ya maelfu, na likashinda majeshi ya Roma mara kadhaa. Mwaka 71 K.K. walishindwa. Waliokamatwa hai, watu 6,000, walitundikwa misalabani kandokando ya barabara kutoka Capua hadi Roma, mwendo wa takriban kilomita 200, yaani mara tatu ya urefu wa kisiwa chetu kutoka kusini hadi kaskazini. Roma haikuona haya kuonesha hivyo. Ilitaka kila mpita njia aone.

Ng'ombe wa Pemba

Tugeuke sasa tuelekee nyumbani. Nyote hapa mnaujua mchezo wa ng'ombe, na wengi mmeuona Kengeja, si mbali na hapa. Lakini kwa kuwa gazeti letu huwafikia wenzetu walioko Muscat, Dubai, London na kwingineko, ambao watoto wao hawajauona, nitaueleza kwa ufupi.

Aghalabu huchezwa wakati wa jua, mavuno yamekwisha na masika hayajaingia. Dume la ng'ombe huletwa kiwanjani likiwa na kamba. Zumari na ngoma hupigwa, wanawake huimba, na vijana hushindana kumwendea ng'ombe kwa kitambaa au leso, kumchokoza na kumkwepa. Ushujaa uko katika kukwepa. Akija, wengine hupanda miti, na kicheko kinakuwa kikubwa kuliko khofu. Ng'ombe hauawi. Mchezo ukisha hurudi malishoni kwake, na yule aliyetisha watu hurudi na jina kubwa. Anayeumia, akiumia mtu, ni mchezaji.

Kuhusu chanzo chake, kila mgeni aliyeandika habari za Pemba hutuambia kuwa mchezo huu tuliachiwa na Wareno. Wareno walikuwa na nguvu katika mwambao huu kwa takriban miaka 200, tangu mwanzo wa karne ya 16 hadi Ngome ya Mombasa ilipowatoka mwaka 1698. Sasa tutumie ile njia ya kupima tuliyoiona kwa Warumi.

Kwa upande wa kukubali: katika kisiwa cha Terceira, kilichoko katika visiwa vya Azores vya Ureno, upo mpaka leo mchezo wa ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu, anakimbizana na watu njiani, na hauawi. Unafanana na wetu sana. Kwa upande wa kusita: Wabetsileo wa Madagascar wana mchezo wao wa kumrukia ng'ombe nundu, na Watamil wa India ya Kusini wana wa namna hiyo tangu kale, hao hawakumngoja Mreno awafundishe. Huko Krete, kisiwa cha Ugiriki, kuta za kasri la Knossos zilichorwa watu wakiruka juu ya dume la ng'ombe zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Penye ng'ombe na vijana, mchezo unaweza kuzaliwa wenyewe. Na tukiuliza lugha: ng'ombe, kamba, mchezo, yote ni maneno yetu. La Kireno ni leso tu, nalo tumelipokea pamoja na meza na bendera. Kwa hiyo kauli ya Wareno inawezekana, ila kufanana peke yake si ushahidi wa kukata shauri. Atakayeliandika jambo hili vizuri awe ni mmoja wenu, na aanze kwa kuwauliza wazee na kuandika majibu yao kabla hawajatutoka.

Tunao na mchezo mwingine ulio karibu zaidi na gladiata kwa sura, nao ni kirumbizi. Watu wawili huingia na fimbo, zumari inalia, mmoja anapiga na mwenzake anakinga. Atakayeona kwa mbali atadhani ni vita. Lakini anayejua anatazama ustadi na adabu, na anayempiga mwenzake kwa chuki huonekana hajui kucheza.

Basi ni ndugu au si ndugu?

Kwa damu, hapana. Hakuna uzi unaotoka Roma hadi Pemba kwa njia hii. Kwa tabia, inategemea. Nami napendekeza kila mchezo wa hatari tuupime kwa masuala manne. Aliyemo kiwanjani ameingia kwa hiari? Anaweza kutoka akitaka? Nani anafaidika? Na umma umekuja kuona nini?

Gladiata anaanguka katika yote manne. Aliingia kwa kulazimishwa, hawezi kutoka, anayefaidika ni tajiri wake na mwanasiasa, na umma umekuja kuona damu. Wahenga walisema, vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kijana wa Pemba anayemwendea ng'ombe anapita masuala ya mtu: ameingia mwenyewe, na akichoka anapanda mti. Lakini tusijipongeze upesi. Ng'ombe hakuulizwa na hana mti wa kupanda. Kwa hiyo dhamana yake iko juu yetu. Siku atakapopigwa kwa chuma, au kushindishwa na njaa ili awe mkali, au kuvutwa kamba mpaka aumie, siku hiyo mchezo umekuwa kitu kingine, hata jina likibaki lile lile.

Na suala la hiari nalo lina mtego. Wale Warumi wenye madeni waliingia kwa hiari, lakini ilikuwa hiari ya mtu mwenye njaa. Hapa Zanzibar ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, na marufuku hiyo imeondolewa baada ya takriban miaka 60. Mimi sina ugomvi na ngumi. Ila siku kijana wa Chokocho atakapopanda ulingoni, nataka tuulize kama ana daktari, ana mkataba anaouelewa, na kama ana kazi nyingine ya kurudia. Bila hayo, tofauti baina ya kukodiwa na kuuzwa inakuwa ndogo, na Gaius ameshatueleza hesabu yake.

Waliokaa pembeni

Mpaka hapa nimesema juu ya walioko uwanjani. Neno langu la mwisho ni kwa walioko pembeni, kwa sababu wengi wetu ndipo tulipo.

Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, alikwenda kiwanjani siku moja wakati wa adhuhuri akitaraji kupumzika, akakuta watu wanauawa bila hata ngao. Aliandika kuwa alirudi nyumbani akiwa mkatili zaidi kuliko alivyokwenda. Yeye hakushika upanga. Alikaa tu na watu.

Na mwaka 59 B.K., katika mji wa Pompeii, wenyeji walikuwa wakitazama mapigano pamoja na wageni wa mji jirani wa Nuceria. Walianza kwa kutaniana. Utani ukawa matusi, matusi yakawa mawe, mawe yakawa silaha. Wageni wengi waliuawa au kujeruhiwa, na baraza la Roma likaufungia mji wa Pompeii mapigano ya namna hiyo kwa miaka 10. Angalieni: siku ile waliokufa ni watazamaji.

Vijana, mpira wa skuli na skuli nao huanza kwa utani. Sihitaji kueleza zaidi, mnajua wenyewe maneno gani husemwa upande wa golini mgeni akiongoza bao moja.

Mapigano yale yalikwisha pole pole. Konstantino aliyakataza kwa maneno mwaka 325, na watu wakaendelea. Inasimuliwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 5 mtawa mmoja, Telemachus, aliruka ndani ya uwanja ili awatenganishe wanaopigana, na watazamaji wakamuua kwa mawe. Mfalme Honorius akayakomesha. Wanyama waliendelea kuuawa viwanjani mpaka karne ya 6. Lilianza na jozi tatu, likachukua zaidi ya miaka 600 kuondoka. Ubaya ukishapata ngoma na viti vya kukalia, kuuondoa ni kazi.

Ndugu Mwenyekiti, nimeahidi kusema niko upande gani. Mimi nasema mchezo wa ng'ombe ubaki, lakini ubaki na masharti: ng'ombe asiguswe na chuma, kamba isimlemaze, asiyetaka asisukumwe kiwanjani kwa kuitwa mwoga, na mzee wa mji awe na uwezo wa kusema basi, na likisemwa, basi. Wanaotaka ufutwe wamefanya vizuri kutukumbusha mnyama. Wanaotaka ubaki wamefanya vizuri kutukumbusha wazee wetu. Urithi unalindwa na yule anayejua mpaka wake.

 Mdahalo wenu uendelee, kwa adabu ya kirumbizi: mmoja apige, mwenzake akinge, na zumari ikisita mpeane mikono.